Alilosema na Alilosemeshwa

Mtaa wa Mkunazini, Unguja mjini, biharusi asiyepambwa na Mwanapili huonekana kama ameolewa kwa haraka. Maua ya hina anayoyachora mguuni hayapotezi mstari hata mwenye mguu akicheka. Kazaliwa kisiwani Tumbatu, akaja mjini kwa kuolewa, na miaka yote hiyo hakuibadili lafudhi yake ili kumfurahisha mtu. Wanawake wa mtaa walipofungua kundi la WhatsApp la kupashana habari za harusi na misiba, walimkabidhi yeye usimamizi. Mwanapili, walisema, hana domo.

Ukaja mwaka wa uchaguzi, na kundi la harusi likageuka jukwaa la siasa.

Asubuhi moja alikuwa anampaka hina biharusi wa Vuga, simu ikalia. Mdogo wake Ubwa, muuza nguo wa Darajani, kamletea klipu. Ndani yake alikuwemo Masoud, mpiga kampeni wa chama ambacho Mwanapili hajapata kukipigia kura. Masoud kasimama jukwaani, kidole juu: “Watumbatu warudi kwao! Mjini hapana nafasi yao!” Kisha makofi. Chini yake, kwa herufi nyekundu: *Mtumbatu usiyeisambaza hii, huna damu.*

Mwanapili alihisi masikio yanamuwaka. Akamkumbuka marehemu mama yake, aliyekuwa akichekwa sokoni kwa namna alivyosema. Kidole kikaenda penye alama ya kusambaza. Kila mwanamke wa kundi lile ana makundi yake mengine. Kabla ya adhuhuri mji mzima ungekuwa unachemka.

“Bi Mwanapili, hina inakauka,” biharusi akamwambia.

Akaiweka simu, akaendelea na ua lake. Alipokuwa analimalizia, yale maandishi mekundu yakamrudia. Hayakumwambia Masoud kasema wapi, lini, wala mbele ya nani. Yalimsukuma tu, na kumtukana mapema iwapo atakataa kusukumwa. Mtu mwenye habari ya kweli, aliwaza, ana haja gani ya kunitukana mimi?

Akanawa mikono, akaisikiliza tena, simu sikioni. Sauti ilianza katikati ya pumzi, kama mtu aliyezibwa mdomo kisha akaachiwa. Makofi nayo yaliingia ghafla, mazito, ilhali watu waliokuwa wakionekana mbele ya jukwaa walikuwa wamekaa, mikono mapajani. Nyuma ya Masoud lilikuwapo bango lililokatwa, limebaki neno moja tu: Chwaka.

Chwaka anakaa Badria, shoga yake, mkulima wa mwani. Akampigia.

“Shoga, ulikwenda mkutano wa Masoud?”

“Nlikwenda, tena nkaurekodi. Kwani?”

“Aliwatukana Watumbatu?”

Badria akacheka. “Aliwatukana? Mimi siku ile ndiyo mara ya kwanza kumpigia makofi mtu yule! Ngoja nkuletee.”

Ikaja. Masoud yule yule, jukwaa lile lile: “Wapo wanaosema Watumbatu warudi kwao, eti mjini hapana nafasi yao. Mimi nawauliza hao: mawe ya mji ule waliyabeba mabegani kina nani?”

Mwanapili aliisikiliza hadi mwisho. Masoud hakuwa mtu wake. Angenyamaza tu, hakuna ambaye angejua. Akaweka klipu zote mbili kundini, akarekodi sauti:

“Assalaamu alaykum. Hii ya kwanza imekatwa. Nzima ni hii ya pili, sikilizeni wenyewe. Chama cha Masoud sikipigii kura, na nyote mnalijua hilo. Lakini nikimkataa, namkataa kwa alilosema, si kwa alilosemeshwa. Na mimi ni Mtumbatu. Sitaki uchungu wangu utumiwe na mtu asiyethubutu kutaja jina lake.”

Walimshukia. Rukaiya, jirani wa ukuta kwa ukuta, akamwita kibaraka. Baada ya alasiri Ubwa akaja mwenyewe, hata kuketi akakataa.

“Da Mwanapili, umetuumbua. Unawasaidia wale!”

“Ile klipu kakuletea nani?”

“Mtu.”

“Na huyo mtu kaletewa na nani?”

Ubwa akageukia mlangoni.

“Aliyeikata hakujui, mdogo wangu, lakini amejua pa kukuchoma.”

“Kwani wewe hukuchomeka?”

“Nlichomeka kuliko wewe. Ndiyo maana nkaitazama mara ya pili.”

Ubwa aliondoka bila ya kuaga. Lakini jioni ile ile Rukaiya aliandika kundini: “Nisameheni. Mimi nlikuwa nshaisambaza. Nnawarudia niliowapelekea, mmoja mmoja.” Wengine wakafuata. Mitaa mingine watu walitupiana maneno kwa ajili ya klipu ile wiki nzima, lakini Mkunazini ugomvi ulizimika mapema.

Siku ya kura Mwanapili alivaa baibui lake jipya, akapanga foleni, akakinyima chama cha Masoud kura yake kama miaka yote. Alitoka kituoni kidevu juu: kwa upande wake, amemkataa Masoud kwa haki.

Matokeo yalipokuwa yakisubiriwa, Ubwa akampigia. Kaletewa klipu nyingine, ya mkubwa wa chama cha Masoud akijitukanisha vibaya kabisa.

“Umeshaipeleka wapi?” Mwanapili akauliza.

“Popote sijaipeleka, Dada. Nimeipenda mno, nkaingiwa na shaka. Hebu tuitazame pamoja.”

“Njoo,” Mwanapili akamwambia, akasogeza viti viwili dirishani penye mwanga. Siku ile mdogo wake alimfanya ajione mrefu.