Hodi ya Nne

Mwanatabu wa Likoni alikuwa fundi wa mikeka, na mdomo nao hakunyimwa. Kila mwisho wa Januari alikata tita la ukindu mbichi, akampelekea Sista Nora, mtawa wa Ireland aliyetibu akina mama wa mtaani. Kwao Sista, mkesha wa Mtakatifu Brijida, mtu husimama nje na majani, hubisha, na mwenye nyumba humkaribisha. Kisha watu husuka misalaba ya mikono minne, wakala viazi vilivyopondwa kwa kabichi na siagi.

"Miye hii naiita pangaboi, ile feni ya darini," Mwanatabu alimwambia mwaka wa kwanza, vidole vikienda mbio. Sista alicheka mpaka filimbi yake ya bati ikamponyoka. Aliiokota, akapuliza wimbo wa kwao, taratibu, na Mwanatabu akasuka huku akiona milima ya kijani asiyowahi kuikanyaga.

Miaka kumi ikapita hivyo. Mwaka wa tisini na mbili, kabla ya Krismasi, Sista akapigwa na kiharusi. Hakusema neno tena. Sasa alikuwa arudishwe kwao wiki ijayo, na Mwanatabu aliogopa, aliogopa hasa, kwamba shoga yake ataondoka bila kumtambua.

Mkesha ulipofika, alikwenda vivyo hivyo. Jua la alasiri lilikuwa limelegea, na njia nzima ilikuwa kimya kama inasinzia. Alisimama mlangoni, ukindu kichwani.

"Hodi."

Ndani, kiti kililia kidogo.

"Hodi, Sista."

Akaliweka sawa tita kichwani.

"Hodi. Ni miye, Mwanatabu."

Rosalia, mpishi, alichungulia kutoka jikoni. "Ingia tu, mama. Mlango uko wazi."

"Siingii nyumba nisiyokaribishwa na mwenyewe, mwanangu."

Hodi tatu zisipoitikiwa, mtu hurudi zake. Ndivyo alivyolelewa, na adabu hiyo hakuwahi kuivunja hata kwa nduguye wa tumbo moja. Akageuka. Alipofika kwenye ngazi, harufu ya kabichi na siagi ikamfikia, na miguu ikakataa kwenda.

Akarudi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, akabisha ya nne.

"Hodi, mwenye nyumba. Nimeleta pangaboi."

Kisha sauti ikatoka, nzito, imepinda upande mmoja.

"Ka... ribu." Pumzi ndefu. "Pangaboi."

Mwanatabu aliingia akilia, ukindu ungali kichwani.