Ugali Katika Maji ya Biti

Nilirudi darasani nikiwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Darasa letu la watu wazima lilikuwa Kimumu, katika chumba nyuma ya kanisa. Nilitaka kusomea uuguzi, na bila baiolojia hakuna chuo ambacho kingenipokea.

Mada iliyonishinda ilikuwa seli. Mwalimu wetu, kijana mpole, alieleza kwamba utando wa seli hupitisha maji na kuzuia baadhi ya vitu. Kwamba chakula na hewa husambaa kutoka palipojaa kwenda palipopungua. Kwa hivyo seli haiwezi kukua ovyo. Hiyo “kwa hivyo” sikuielewa. Nikauliza. Akarudia. Nikauliza tena, wenzangu wakaguna.

Baada ya somo aliniita kando. “Mama, baiolojia ni nzito. Si uchukue somo la biashara tu, utapita.”

“Mwalimu, mimi sikuja kupita tu. Nataka uuguzi.”

Nilienda nyumbani nimekasirika. Jumamosi asubuhi nikasonga ugali mgumu. Ulipopoa nikakata kipande kimoja kama ngumi na vingine vidogo kama dadu, nikavitumbukiza vyote katika maji niliyochemshia mizizi ya biti, mekundu kama damu. Mume wangu akachungulia sufuria.

“Mama watoto, huu ugali ni mgonjwa?”

“Unasoma. Usiguse.”

Alicheka, lakini alasiri nilipoviopoa alikuwa amekaa karibu nami. Nikavipasua kwa kisu. Vidogo vilikuwa vyekundu hadi katikati. Kile kikubwa kilikuwa na ukingo mwembamba mwekundu. Ndani kote kilikuwa cheupe.

“Huyu mkubwa amelala njaa,” mume wangu akasema.

Nilikiinamia nikakitazama. Rangi ilikuwa imeingia kina kilekile katika vipande vyote. Kipande kinapokua, tumbo lake huongezeka haraka kuliko ngozi yake, na chakula chote lazima kipitie kwenye ngozi. Seli ikinenepa kupita kiasi, katikati yake haifikiwi kwa wakati. Nilitaka kulia na kucheka pamoja.

Jumatatu nikabeba sahani hadi darasani. Mwalimu alivigeuza vipande vile, kisha akanipa chaki. “Waeleze, Mama.”

Nikaeleza. Mmoja wa wale walioguna akauliza, “Na utando uko wapi hapo?”

“Ugali hauna,” nikamwambia. “Utautafuta kwenye kiazi. Kitie kwenye maji ya chumvi nyingi, uone kinavyolegea maji yakikitoka.”

Kesho yake alikuja na kiazi.

Mtihani niliufanya, nikapita, na baiolojia ikaongoza masomo yangu yote. Siku ya kuripoti chuoni mume wangu alinibebea sanduku la bati hadi langoni, akasita kuliachilia.

“Rudi, watoto wanakungoja,” nikamwambia. Nikalichukua, nikaingia.