Siku Nilipomwozesha Mjomba

Siku ile tulikuwapo watu tisa. Nilikuwapo mimi, nimekaa kwenye cherehani barazani. Alikuwapo mdogo wangu wa mwisho, wa kike, akichambua mchicha. Mama mwenye nyumba alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, na jirani yetu, mzee fundi baiskeli, alikuwa amekuja kuomba uzi. Mjumbe wa nyumba kumi aliingia ametangulia, nyuma yake mgambo mwenye fimbo, na nyuma ya mgambo afisa wa uhamiaji kutoka mjini, mwenye shati jeupe na daftari kubwa. Alikuwapo mgeni wetu, akishona vifungo kwenye sare za shule. Na chumbani, mlango ukiwa wazi, alikuwapo binti yake wa miaka tisa, amelala chali, mguu wa kushoto umefungwa plasta ngumu kutoka nyongani hadi kifundoni.

Nawataja wote kwa sababu wote walisikia nilichosema. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba walisikia wachache.

Afisa aliuliza kwa upole kabisa, "Na huyu mama ni mwenyeji wa wapi?"

Hakuniuliza mimi. Mgeni wetu aliweka sindano chini, akapeleka mkono kiunoni, kwenye pindo la kitenge alikofunga karatasi yake. Nikamuwahi.

"Ni mke wa mjomba wangu, mzee. Muha wa Kasulu. Kaja kumuuguza mtoto."

Mkono wake ukasimama palepale.

"Mjomba wako yuko wapi?"

"Kinole. Ana shamba."

"Mluguru wa Kinole kafuata mke mpaka Kasulu?"

"Mapenzi, mzee."

Mgambo akacheka. Hata afisa alitabasamu. Kisha akamgeukia mwenyewe: "Mama, ni kweli?"

Yeye akanitazama mimi. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Afisa akauona ule mkono uliokuwa bado kiunoni, akaomba kilichomo. Kilikuwa kibali chenye mhuri, kinachoeleza kwamba huyu ni mkimbizi kutoka Burundi, ameruhusiwa kutoka kambini Kigoma kumleta mtoto hospitali. Muda wake ulikuwa bado siku kumi na mbili.

Siku kumi na mbili. Angekitoa mwenyewe, afisa angekisoma, angeandika namba yake na kwenda nyumba ya pili. Sasa alikuwa na karatasi inayosema hili, na barazani pameshasemwa lile.

"Kwa hiyo unajifanya raia," alimwambia yeye, si mimi, huku akiandika. Wakaondoka naye. Sindano ilibaki inaning'inia kwenye shati la shule, na binti chumbani akaanza kuita kwa lugha yao.

Nieleze alivyofika kwetu. Tulikuwa tunaishi Kihonda, mimi na wadogo zangu watatu. Wazazi walikuwa wameshafariki, mama akianza, baba akifuata mwaka wa pili, nami niliacha shule darasa la sita ili wenzangu wamalize. Nilipata kazi kwenye kiwanda cha nguo. Baadaye kiwanda kikafungwa, tukaambiwa kinasubiri mwekezaji. Nikashona sare barazani. Mitumba ilikuwa imeshajaa sokoni na hakuna aliyeshonesha gauni, lakini sare za shule zilikuwa bado zinahitaji fundi.

Mwezi mmoja wa Desemba, msimu wa sare, mdogo wangu wa mwisho akalazwa homa ya matumbo. Sikuweza kukaa wodini mchana. Aliyemwosha, akamlisha uji na kumshika kichwa akitapika, siku sita mfululizo, alikuwa mama wa kitanda cha jirani, mwanamke wa makamo aliyekuwa anamuuguza binti yake wa mguu. Sikumwomba. Nilipofika jioni ya kwanza na kuanza kushukuru, akasema, "Nenda ukalale, mwanangu. Huyu nimeshamzoea."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na tangu mama afe hakuna mtu aliyekuwa ameniita mwanangu.

Binti yake alipofungwa plasta, hospitali ikawaruhusu, warudi baada ya wiki nane. Hawakuwa na pa kwenda. Nikawachukua. Jioni ileile, akiwa bado hajakaa vizuri, akanieleza wazi, "Ujue mimi ni mkimbizi. Karatasi yangu ninayo." Akaanza kufungua pindo.

Nikamshika mkono. "Acha, mama. Kwetu mgeni haulizwi karatasi." Halafu nikaongeza, "Ila hilo neno usiliseme hapa. Watu wakiuliza, sema Muha."

Nimesimulia kisa hiki mara nyingi kanisani na mitaani, na kila mara nilisema nilikuwa namlinda. Si kweli. Mkimbizi kwa mtaa wetu wa wakati ule lilikuwa neno la redioni na la vijembe. Aliyevaa vibaya aliambiwa kavaa kikimbizi. Mimi niliyeitwa yatima nusu ya maisha yangu sikutaka neno jingine la kuhurumiwa liongezeke mlangoni kwangu. Wazazi wangeleta watoto kupimwa sare, wangesema nyumba ile ina wakimbizi. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Karatasi yenyewe sikuisoma hata siku moja. Nilidhani ni mbovu, kwa kuwa niliamini mtu wa namna yake hawezi kuwa na karatasi nzuri.

Mgeni wetu alikaa mahabusu pamoja na watu wa kesi za wizi na bangi. Siku ya kwanza nilipompelekea chakula, mlinzi alinirudisha: ndugu tu. Siku ya pili niliambiwa nisubiri hadi alasiri, na alipotokea dirishani hakuuliza lolote ila, "Anageuzwa? Mgongo usimchubuke." Nikamwambia anageuzwa kila saa. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anamgeuza.

Mkatekista wa kigango chetu alinishauri tuandike barua: huyu ni mkimbizi halali, ana kibali, ana mtoto mgonjwa, tunaomba ashughulikiwe kama mkimbizi, si kama mhalifu, na aachwe na mwanawe mpaka plasta ifunguliwe. Akaiandika kwa mwandiko wake mzuri. Kazi yangu ikawa kuzunguka na barua ile nyumba kwa nyumba nipate majina, na kila mlango nilianza kwa kukiri kwamba yule si Muha.

Nilianza na fundi baiskeli, kwa sababu alikuwa amefanya kazi Kigoma ujanani na kila asubuhi alimtania mgeni wetu kwa Kiha.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kuhusu yule mama. Si Muha."

"Marahaba. Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Mtaa mzima unajua. Mama muuza mkaa anajua, na akili yake unaifahamu."

"Mbona hamkusema?"

Akatia upepo mpira wa baiskeli, akasikiliza unapovuja. "Tulikuona umejipinda kuficha, tukasema tumsitiri huyu mtoto. Wewe ndiye tuliyekusitiri, si yeye. Leta kalamu."

Mama mwenye nyumba alikuwa mgumu zaidi. "Nyumba hii tangu marehemu mume wangu anaijenga haijaingiwa na mgambo. Leo jina langu liende kwa wakubwa?" Alinizungusha siku tatu. Siku ya nne alinikuta uani nafua shuka za yule binti, akasimama, akatazama. "Mtoto analia usiku nikamsikia anaita mama, nikadhani ni wewe," alisema. "Lete hicho kidau cha wino." Akaweka dole gumba, akalifuta kwenye khanga yake bila kujali.

Wengine walinifukuza. Kijana mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Na leo umekuja na uongo gani, fundi? Huyu naye mke wa nani?" Wakaangua kicheko. Nilisimama mpaka wakamaliza, nikarudia maneno yangu tangu mwanzo, na wawili kati yao wakaandika. Mimi ni mtu wa kurudia. Sina kipaji kingine.

Mjomba alishuka kutoka Kinole Jumamosi na mkungu wa ndizi begani. Habari ilikuwa imeshamfikia. Kwetu mjomba ndiye mkubwa wa ukoo. Wazazi wakifa, yeye ndiye unayesimama mbele yake. Aliutua mkungu, akaitika shikamoo yangu, akakaa.

"Nasikia nimeoa."

Nikamsogezea maji ya kunywa.

"Mtu wa wapi, Kasulu? Mke wangu kule juu kanifungia mlango siku mbili. Nikamwambia, mama, hata mimi nimesikia sokoni." Wadogo zangu walicheka hadi wakaegemeana. Naye alicheka. Kisha akaacha. "Umenitaja mimi mbele ya serikali. Ungesema, huyu mama alimuuguza mdogo wangu. Hilo lingetosha, na lilikuwa kweli. Kwa nini hukulisema?"

Nikawa natazama ndizi. Mjomba akaivuta barua, akaandika jina lake chini kabisa, kubwa kuliko yote, akaingia chumbani kumsalimia yule binti. Nikamsikia akimwambia, "Mimi ndiye baba yako wa uongo. Nimekuletea ndizi."

Jumatatu nilipeleka barua mjini, ikiwa na majina ishirini na tisa. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Afisa alikuwa yuleyule wa shati jeupe. Aliisoma barua mara mbili.

"Barua nzuri," alisema. "Ila hapa mmeandika kulitokea kutoelewana. Nani hakuelewana na nani? Taarifa yangu inasema alijitambulisha kama raia."

Maneno yale, kulitokea kutoelewana, niliyaomba mimi. Mkatekista alitaka kuandika wazi. Nilimsihi kwa ajili ya wadogo zangu, kwamba nikifungwa watakula nini.

Nikavuta pumzi. "Mzee, hakujitambulisha. Yeye hakufungua mdomo. Mimi ndiye niliyesema. Alitaka kutoa kibali, nikamzuia."

Alinitazama. Mbele yake palikuwa na faili la mgeni wetu, liko wazi, na kalamu pembeni, kifuniko kimefungwa. Nilikuwa naitazama kalamu ile. Akasema, "Nimekuelewa, binti. Kwa huruma ya mtoto, nitamwachia mpaka plasta ifunguliwe. Nenda, na usirudie."

Akafunga faili. Kalamu hakuigusa.

Niliona. Mtu aliyeacha shule darasa la sita anajua vizuri kama kitu kimeandikwa au hakikuandikwa. Ningeweza kusema, mzee, naomba uandike kwamba ni mimi. Nilisema asante, nikatoka haraka, na pale nje, juani, nilijisikia mwepesi. Wepesi ule ndio unaoniaibisha kuliko hata uongo wa barazani. Uongo wa barazani ulinitoka kabla sijafikiri.

Aliachiwa jioni ileile. Aliingia moja kwa moja chumbani, na mlango ulifungwa muda mrefu. Alipotoka alinawa uso, akachukua lile shati la shule, sindano ikiwa bado palepale, akamalizia kifungo.

"Mwanangu," alisema bila kuinua macho, "uliwaambia si mimi niliyesema?"

"Niliwaambia."

"Wakaandika?"

Nikasema ndiyo.

Plasta ilifunguliwa wakati wake. Daktari aliagiza mtoto arudishwe baada ya miezi sita, kwa kuwa nyonga ingehitaji kupasuliwa mara ya pili asije akalemaa. Tuliwasindikiza stesheni, mjomba, fundi baiskeli na sisi. Mama mwenye nyumba alituma chapati. Mgeni wetu alinishukuru mbele ya wote, kwa sauti, nami nikajishughulisha na mizigo.

Mwezi wa nane ikaja barua, imeandikwa na mtu kwa niaba yake. Kibali cha kurudi kimekataliwa. Wameambiwa kumbukumbu zinaonyesha kwamba safari ya kwanza alijifanya raia. Mwishoni alisema: "Labda hawajaifikia ile sehemu waliyoandika maneno yako. Tafadhali wakumbushe, mwanangu. Mtoto anaanza kuchechemea."

Nilikwenda siku ileile. Afisa wa shati jeupe alikuwa amehamishwa. Aliyekuwapo alisema faili limekwenda Dar es Salaam. Nikaandika maelezo yangu kwa mkono, nikaweka sahihi, nikaacha nakala. Nikarudi mwezi uliofuata, na uliofuata. Kila niliporudi nilimkuta mtu mpya, nami nikaanza upya.

Tangu hapo nimekuwa nikikaa kwenye benchi zile pamoja na watu wa namna yake: Warundi, Wakongo, na baadaye vijana wa Kihabeshi waliokutwa kwenye malori. Nawapelekea chakula, nawaombea watenganishwe na wahalifu, naomba kibali cha kila mmoja kisomwe kabla hajaulizwa lolote. Siondoki mezani mpaka nimeona kalamu inatembea. Makarani wananiona mlangoni wanaambiana, kaja yule wa andika. Padri mmoja aliwahi kunisifu katikati ya ibada, nikatoka nje kwa kisingizio cha kikohozi.

Yule binti ni mtu mzima sasa. Mtu aliyetoka huko aliniambia anatembelea fimbo. Mama yake bado yu hai, na huuliza habari zangu. Maelezo yangu sijui kama yamewahi kuwekwa kwenye faili. Yeye anaamini bado kwamba siku ile, mjini, yaliandikwa. Karatasi ya kumweleza ninayo hapa, kando ya cherehani, na nimeshaandika shikamoo mama.