Pambizo la Kushoto

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha chini cha maktaba ya chuo kikuu, Fundi Majalada anawasha kompyuta, anavaa miwani na kuisalimu mashine: "Haya, leo umeniletea nani?"

Tasnifu kadhaa zimeingia kwa mtandao. Kazi yake ni kuzikagua ukurasa kwa ukurasa, kisha azipokee au azirudishe.

Jina hilo alipewa enzi za kujalidi tasnifu kwa mkono, wanafunzi wakipanga foleni hadi ngazini. "Walikuwa wakinipigia kelele mpaka nawafukuza," anasema. "Siku hizi hata wa kunisumbua simpati." Mlango wake sasa hufunguliwa na mfagizi tu.

Nyumbani nako hali ni ile ile. Mkewe ni marehemu, na binti yake wa pekee hajazungumza naye tangu msiba. Mama alipozidiwa, baba hakumwita binti kutoka kampasi ya mbali alikosoma, akichelea kumvurugia mitihani. Binti alipofika, alikuta kaburi.

"Aliniambia, 'Baba, umeninyima kumuaga mama.' Maji yakimwagika hayazoleki."

Wiki iliyopita, tasnifu ya binti huyo iliingia kwenye kompyuta yake. Alikimbilia ukurasa wa shukrani. Msimamizi ametajwa, mama ametajwa. Yeye hayumo. Iliuma, na hafichi.

Ndipo akaliona kosa. Pambizo la kushoto lilikuwa pana kuliko la kulia, mwanzo hadi mwisho. Kanuni za sasa zinataka yalingane, maana faili halishonwi. Nafasi ile ya ziada ilikuwa ya sindano na gundi, na kijana wa leo haiachi, labda awe amekulia miguuni pa mjalidi.

"Nilimfundisha angali mdogo: mwanangu, mwachie fundi pa kushika," anasema, akicheka huku anafuta macho. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Halafu ni mimi huyo huyo wa kumrudishia!"

Muda wa kuwasilisha ulikuwa unayoyoma. Binti angechelewa, asingehitimu mwaka huu. Baba akaandika kama anavyomwandikia yeyote: "Rekebisha pambizo la kushoto." Akaongeza neno ambalo wengine hawaandikii, cheo chake cha zamani: Mjalidi.

Jioni faili likarudi limenyooka, na mstari mmoja chini yake: "Nimerekebisha. Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu kwenye nafasi ya maoni ya mkaguzi. "Imepokelewa."

Tangu hapo hawajaandikiana tena. Lakini nakala ile ya kwanza, yenye kosa, ameichapa, na kila akipata nafasi anaishona kwa mkono.

"Hii siitumi kwa mtandao," anasema, akikaza uzi. "Atakuja kuichukua mwenyewe."

Nje, nyayo zinapita. Anainua kichwa, anasikiliza. Ni mfagizi.