Gaidi Aliyetazama Pembeni

Filamu yetu ilikuwa mbaya, na anayesema hivyo ni mimi niliyekuwa gaidi wake mkuu. Wako watu ambao mpaka leo wakiniona sokoni Wete huinua mikono juu kama wanaosalimu amri, kisha hucheka mpaka wakohoe. Siku hizi huwaacha wacheke. Zamani nilikuwa nikikasirika, na mimi kukasirika hakunichukui muda.

Aliyeitunga na kuipiga alikuwa mpiga video wa harusi wa Chake Chake. Kamera aliijua kweli, lakini harusi zilikuwa zimemharibu. Hakuweza kumwona mtu anatembea asimpunguze mwendo, wala mlango kufunguliwa asiweke kinanda. Bomu letu lilipolipuka, kutoka kwenye moshi vilishuka vimoyo vyekundu na maua ya waridi, vile vile anavyowaweka maharusi wakikata keki. Alipoulizwa alisema ni kompyuta iliyofanya hivyo yenyewe.

Kisa kilikuwa hiki: gaidi anakuja kulipua bandari, anampenda binti wa mlinzi wa bandari, na mapenzi yanamtia kigugumizi cha mikono. Nilichaguliwa kwa sababu nafundisha kemia sekondari. Jamaa aliamini kwamba mwalimu wa kemia lazima ajue kuunganisha bomu. Nilimweleza kwamba jambo la hatari kuliko yote nililowahi kufanya maabara ni kuwaachia kidato cha pili chupa ya asidi, akasema hiyo inatosha.

Nilitia sharti moja. Nilimwambia gaidi wake akivaa kanzu na kofia, atafute mtu mwingine, maana tumechoka kuonyeshwa hivyo kila mahali, na sitaki watu wa Shumba, kwetu nilikozaliwa, waniulize nimewauza kwa nani. Alikubali upesi. Akaniletea suti ya bwana harusi fulani mwembamba pamoja na miwani myeusi. Kila nikinyanyua mkono kutisha watu, mshono wa kwapani ulilia. Bomu lenyewe lilikuwa dumu la mafuta lililofungwa saa ya ukutani, na saa ilikuwa ya madrasa ya jirani. Tukiwa katikati ya kulitega, ustadhi aliingia, akatusalimu vizuri, akaifungua saa yake na kuondoka nayo kwa sababu watoto walikuwa wamekwisha kufika. Kipande hicho kimo ndani ya filamu. Mpigaji alisema kinaongeza wasiwasi.

Lakini taabu kubwa ilikuwa mapenzi. Binti wa mlinzi alichezwa na mtoto wa ami yake mpigaji, msichana wa Wawi aliyekuwa akisomesha watoto wadogo. Baba yake, mzee mwenye shamba la mikarafuu na sauti ya kufika mpaka mwisho wa shamba hilo, alikubali kwa kuwa wenye kuomba ni damu yake, akaweka sheria zake. Mimi na binti yake tusionekane katika picha moja. Maneno ya mapenzi yapigwe nyumbani kwake, uani. Mama awepo na kaka awepo, maana yeye mwenyewe saa hizo huwa shambani.

Basi tulipiga hivyo. Yeye maneno yake ya mapenzi alimwambia mama yake, aliyesimama upande wa kamera na kumhimiza, "Sema kwa sauti mwanangu, usijisikie wewe mwenyewe tu." Na mimi yangu nilimwambia kaka yake. Huyu kaka ni fundi wa pikipiki, mrefu kupita mlango, ana masharubu, na siku zote alinuka oili. Alisimama mbele yangu mikono nyuma, nami nikamwambia kwamba tangu nilipomwona sikupata usingizi. Kaka alikuwa akijibu, "Haya, endelea."

Tulirudia Ijumaa sita au saba, baada ya sala. Na hapo ndipo lililonipata liliponipata. Nyuma ya kaka, juu ya bega lake la kulia, palikuwa na yule msichana kwenye kiti, akisubiri zamu yake, ana kikombe cha chai mkononi. Alikuwa akinisikiliza. Nikikosea alibana midomo asicheke, na nikipatia aliinamisha macho kwenye chai. Sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Lakini Ijumaa ya tatu nilijua kwamba maneno yale siyasemi tena kwa ajili ya filamu, nikaogopa sana.

Upigaji ulipomalizika nilimwendea ami yangu, aliyenilea baada ya baba kufariki, nikamwambia naoa. Ami akapeleka barua ya posa Wawi. Wenyewe wakajibu kwa adabu kwamba wameipokea, wapewe nafasi ya kuulizauliza. Ndiyo desturi: huulizwa majirani, huulizwa msikitini, huulizwa kazini kama mtu huyu anasema kweli na anatulia. Sikuwa na hofu na majirani. Nilikuwa na hofu na filamu, kwa sababu ilikuwa ionyeshwe Idi pili, na mzee alikwisha sema atakwenda kuiona.

Ilionyeshwa mchana katika ukumbi wa skuli, madirisha yamezibwa kwa vitenge. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, wanafunzi wangu wamejaa nyuma kama walioitwa. Mzee wa Wawi alikaa safu ya mbele na bakora yake. Nilipotokea tu na ile suti, ukumbi ulipiga kelele, "Mwalimu!" Nilipomtishia mlinzi kwa bastola ya mbao, mtoto mmoja aliuliza kama kazi ya nyumbani ni lazima. Ustadhi alipoingia kuchukua saa yake walimpigia makofi, ndiye pekee aliyepigiwa makofi siku ile. Na vimoyo viliposhuka juu ya bandari iliyolipuka, bibi mmoja upande wa wanawake alipiga kigelegele.

Kisha yakaja mapenzi. Uso wangu ulijaza pazia zima la kuonyeshea. Nikasema, "Tangu nilipokuona sikupata usingizi," macho yangu yakiwa yamekwenda zake pembeni, mbali na pale mwenzangu alipotakiwa awe.

"Mwalimu, watazama wapi?" ikapigwa sauti.

"Ntu yuko kuno, we watazama kulee!"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Kila uso wangu ulipotokea waliuliza kwa pamoja, watazama wapi, mpaka sikusikia hata neno langu moja. Mzee hakucheka. Aligeuka kwenye kiti chake, akanitafuta gizani, akanipata, akanitazama kwa muda. Wengine walitoka kabla filamu haijaisha, na waliobaki walibaki kwa kucheka. Mpigaji alikwenda kukaa nyuma ya jenereta.

Siku ya tatu yake tuliitwa Wawi, mimi na ami. Tulikaribishwa sebuleni, tukaletewa kahawa na haluwa. Mzee alikaa mbele yetu, kaka yuko mlangoni ameujaza wote. Nyuma ya pazia la ndani nilisikia bangili. Mzee aliuliza hali za watu wa Shumba mmoja mmoja, akamaliza, akanigeukia.

"Mwanangu, nimeulizauliza. Majirani wamekusifu. Sasa nami nina suali, lile walokuuliza watu wote siku ya Idi. Ulikuwa watazama wapi?"

Niliona njia mbili na zote zimefungwa. Nikisema kweli, nimekiri kwamba nilikuwa nikimtazama binti wa watu ndani ya nyumba yao, mbele ya mama yake, wiki baada ya wiki, bila haki yoyote. Nikisema uongo, labda nitaokoka.

"Banda la kuku, mzee," nikasema.

Kaka mlangoni alikohoa. Ami yangu alifumba macho.

"Banda la kuku liko upande wa pili," akasema mzee.

Jasho lilinitoka kama nimevaa tena ile suti. Nikaona kama ni kunyimwa, afadhali ninyimwe kwa kweli. Nikamwambia, "Nisamehe, mzee. Nilikuwa nikimtazama binti yako. Nilimtazama kila siku tuliyokuja hapa. Nilijua si haki yangu, na ndiyo maana nikaleta posa."

Mzee aliisogeza bakora yake kutoka mkono huu hadi mkono ule.

"Ulimtazamaje?" akauliza pole pole, na hilo lilinitisha kuliko sauti yake kubwa. "Kiti chake niliagiza mwenyewe kiwekwe nyuma ya ukuta wa jiko, nyie wawili nsionane. Ukuta ule hauna tundu. Nani alokisogeza? Wewe?"

"Si mimi, mzee. Wallahi sijui. Mimi nilimkuta pale."

"Basi wewe!" akamgeukia kaka.

"Mie n'likuwa nasimama natongozwa, baba," kaka akasema. "Ningekisogeza saa ngapi?"

Ami yangu alianza kuomba radhi kwa niaba yangu na ya ukoo mzima, na mimi nilikwisha jua kwamba tunaondoka mikono mitupu. Niliumia kweli. Nikakiweka kikombe chini, nikajitayarisha kusimama.

Pale nyuma ya pazia bangili zikalia, na ikaja sauti niliyokuwa nimeisikia ikisema salamu na maneno ya kutungwa tu.

"Kiti n'likihamisha mie, baba. Kila Ijumaa."

Mzee alilitazama pazia. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi ukumbini. Halafu akamgeukia ami yangu, si mimi, akasema, "Basi semeni siku."