Upepo wa Jua Puani mwa Mkwe

Jamani, hii aibu nimeikalia vya kutosha, na kwa sababu Lodwar nzima wanaijua tayari, afadhali muisikie kwangu mwenyewe kuliko kwa wale wanaoongeza chumvi (ingawa kusema kweli sijui hata hiyo chumvi wanaiweka wapi, maana mkasa wenyewe ulishajaa).

Mnajua mimi nafundisha fizikia Kakuma, nilikokulia tangu wazazi wangu watoke Kongo, na mnajua nilivyokuwa nimekufa nimeoza kwa Akiru, yule muuguzi wa Lodwar. Shida ilikuwa baba yake. Mzee Ekai hakukataa, hakukubali, alisema tu, "Nitamwona kwanza." Basi shule zikaalikwa kuonyesha sayansi kwenye ukumbi mmoja hapo Lodwar, Akiru akasema atamleta baba yake anione nikiwa kazini, halafu nikimaliza nimsalimie kwa heshima na nimpe etaba, maana mzee wa Kiturkana humwendei bila tumbaku, hata uwe profesa. Nikanunua ile ya kusagwa, kali, ya kunusa, mfuko mzima. Mama yangu akaniangalia nikiipakia akasema kwa Kiswahili chake cha kwetu, "Mutoto yangu, zawadi ya mukwe habafunguake mu njia." Nikaitikia ndiyo mama, haifunguliwi njiani, ndiyo mama, akili yangu iko kwa feni ya onyesho langu.

Kwenye onyesho hilo, feni ndiyo ilikuwa jua. Unga wa mahindi unaopeperushwa ndio upepo wa jua, zile chembe za moto zenye umeme ambazo jua linatutupia mchana na usiku, na sufuria iliyofunikwa ndiyo dunia na ngao yake ya sumaku. Upepo ule ukiikaribia ngao unapunguzwa kasi ghafla, unajikunja mbele yake kama maji ya mto mbele ya jiwe. Lakini utamu wenyewe uko hapo mbele: mara nyingine chembe zinagonga, zinarudi, zinakutana na zinazokuja, joto linapanda, panavimba kiputo kikubwa kinachosukuma upepo wote pembeni. Hicho kiputo nakipenda, sijui niseme nini! Nimekifundisha miaka yote na sijawahi kukiona ila kwenye vitabu.

Sasa tumefika ukumbini, ukuta mweupe, unga mweupe, hakuna kinachoonekana. Nikautazama mfuko wa etaba. Rangi ya kahawia, laini, safi. Nikajiambia kijiko kimoja tu, mzee hatajua. (Kijiko kimoja! Mtu mzima na digrii yake!) Kijiko hakikutosha, nikaongeza, nikaongeza, mwisho mfuko wote ukaingia kazini.

Mzee Ekai alikuwa mstari wa mbele, amekikataa kiti cha plastiki, amekalia ekicholong, kigoda chake cha mbao, kofia ina unyoya wa mbuni, na pembeni yake wakubwa wa elimu wamevaa suti kwenye lile joto. Feni iliwapa mgongo, inapuliza kuelekea ukutani. Nikawasha, nikaanza kumwaga, mambo yakaenda vizuri kabisa, mpaka mtu mwenye huruma akafungua mlango wa ukuta ule ule, mbele yangu, tupate hewa.

Ngai! Upepo wa Lodwar ukaingia, ukakutana na wa feni uso kwa uso. Etaba ikasimama hewani, ikajikunja, ikavimba wingu la kahawia mbele ya sufuria, na mimi, badala ya kuzima feni, nikaruka juu nikipiga kelele, "Kile pale! Kiputo!"

Kiputo kikageuka, kikanipita, kikaenda kwa wageni.

Chafya nilizozisikia siku hiyo sijazisikia tena. Mkubwa mmoja alitaka kuuliza, "Nani ame... chyaa! Nani ameruhusu... chyaa!" Nikakimbilia swichi, mguu ukanasa waya, feni ikaanguka chali ikarusha iliyobaki juu, na mimi nikaanguka kifudifudi mbele ya ekicholong ya mkwe, pua yangu kando ya unyoya wa mbuni wa kofia yake iliyoangushwa na chafya. Akiru alikuwa amefunika uso kwa leso. Nikajua nimeshampoteza, na nusura nilie pale pale sakafuni.

Mzee akapiga chafya ya mwisho, akafuta machozi, akanusa.

"Hii ni etaba."

"Ndiyo, baba."

"Etaba ya nani?"

"Yako, baba."

Akajipangusa pua, akasema taratibu, "Vijana wengi walikuja kwa huyu msichana. Wote wanaleta etaba kwa mkono. Wewe peke yako umeleta mpaka ndani ya pua."

Akacheka mpaka akashika ubavu, akanipa mkono akaniinua. "Ejok, ni vizuri, mwalimu. Simama."

Akiru sasa ni mke wangu, wanafunzi wananiita Mwalimu Kiputo, na nimeapa mbele ya mama sitafungua tena zawadi ya watu njiani. Nikienda kumsalimia mkwe nampelekea etaba imefungwa mafundo mawili. Anaipokea, anashukuru, na kabla hajaifungua, anainuka polepole, anafunga mlango.