Nyundo ya Kanyundo

Fundi cherehani wa mtaa wa Black Rock, huku ughaibuni, hasemi sana, kwa kuwa mdomo wake kutwa umejaa pini. Ukimuuliza jambo, hujibu kwa nyusi. Hupima kitambaa kwa shubiri, na kabla ya kukikata hukipapasa kama anayebembeleza mtoto. Ijumaa moja ya Julai 2015, Zihindula, katibu wa chama cha watu waliohamia huku kutoka kijiji cha Kanyundo, alimletea kitambaa cha bendera ya mkutano wao wa kesho yake. Alifuatana na wajumbe wawili wa miji mingine waliobishana tangu asubuhi: wa Louisville alitaka nembo iwe simba, wa Columbus alitaka ng'ombe, la sivyo watu wake wangeuacha mkutano warudi mjini kwao. Zihindula alishakata tamaa fundi alipotema pini zote mkononi, akacheka.

“Bon, haya, simba mulimuona wapi kule kwetu?” akauliza, kumbe naye alizaliwa kijiji hicho. “Na jina Kanyundo, munajua lilitoka wapi?”

Wajumbe wakatikisa vichwa.

“Nyanya yangu alikuwa na kanyundo kadogo. Alikuwa anavunja mawe ya kujenga shule. Watu walikuwa wanasikia ko-ko-ko toka ng'ambo ya mto, wanasema, tumefika kwa kanyundo. Ni vile tu.”

“Donc, yaani sisi wote ni watoto wa ule mama?” akauliza wa Columbus, tabasamu likimponyoka.

Fundi akachora nyundo kwa chaki, akawasha cherehani. Wajumbe wakashika kitambaa, kila mmoja pembe yake, kisikunjamane.